Kumbe Ulizifua za Mizani Pia

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa bado sijakaa sawa. Tangu Jumapili natembea nyumba nzima nikishika vitu na kuviacha, chai inapoa mbele yangu, na watoto wameanza kuniangalia kwa jicho la huruma. Mtu akifiwa anajua afanye nini: analia, anapika, anapokea wageni. Mimi sijafiwa. Wewe ulishaondoka zamani, tulishakulia, tulishakuzika kwenu Gulu, na nilidhani habari zako zote ninazo. Kumbe.

Nimeambiwa kwamba ulikuwa ukifua jezi za Mizani. Naliandika polepole ili nilione mwenyewe kwa macho yangu. Mama yangu, mke wa Afande, dobi wa timu yetu ya Radi ya Mbuya, alikuwa akifua jezi za Mizani. Si mara moja, wala si kwa bahati mbaya. Miaka na miaka, katika beseni lile lile alilofulia zetu.

Nitaeleza kidogo kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Wewe nivumilie, unayajua yote. Inavyoonekana unayajua kuliko sisi sote.

Baba alipohamishiwa Mbuya alikuwa sajenti kijana, Mwislamu kutoka Yumbe, na wewe ulikuwa Mkatoliki wa Gulu uliyemfuata kwa lori la jeshi na masufuria yako mawili. Hukujua lugha ya kwao, naye hakujua ya kwenu, kwa hiyo Kiswahili cha kambini kikawa ndicho kiunganishi cha nyumba, na sisi watoto tulizaliwa tukakikuta kimeshakaa mezani. Ijumaa Baba alikwenda kusali Kibuli, Jumapili wewe ulipanda kanisani, na katikati ya siku hizo mbili palikuwa na Jumamosi, siku ya mpira, ambayo ndiyo ilikuwa dini ya pamoja.

Radi aliianzisha Baba. Aliona watoto wa askari wanazurura, akawakusanya kwenye uwanja ule wa chini ya kilima, akawapa filimbi, mbio na matusi. Uwanja wenyewe uliinamia upande mmoja, unakumbuka, na timu iliyocheza kuelekea chini kipindi cha pili ndiyo iliyoombewa ushindi. Makalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani, walisimama nyuma ya goli kama wazee wa kamati, hawahamishwi na mtu. Baadaye walikuja Wakenya wa bondeni, watu wa biashara, wauza vitunguu na viazi katika soko la Nakasero, wakaunda timu yao na watoto wao na vibarua wao. Wakaiita Mizani. Baba akasema uwanja ni mmoja na ulikuwa na mwenyewe. Wao wakasema uwanja ni wa serikali. Hapo ndipo ilipoanza.

Chanzo hasa cha ugomvi hakuna anayekikumbuka. Baba husema waliiba miti ya goli letu wakachomea mahindi. Wao husema sisi ndio tuliochoma ya kwao. Ninachokumbuka mimi ni kwamba tulikatazwa kununua kitu chochote kwa mtu wa Mizani, hata kiberiti. Ukikutana na mtoto wao njiani unavuka barabara. Baba alipiga marufuku vitunguu vyao visiingie nyumbani kwake, na wewe ukaitikia, "Sawa, Afande," kwa sauti ile ile uliyoitikia kila kitu.

Na jezi. Hapa Kampala anayejua mpira wa mitaani anajua kwamba mechi inaweza kushindwa kabla ya kuchezwa, kama adui ameifikia jezi yako. Atainyunyizia kitu, atashona kitu kwenye pindo, atachukua uzi mmoja tu akaupeleka kwa mganga. Kwa hiyo jezi hazikufuliwa hovyo. Kila klabu ilikuwa na mtu wake mmoja wa kufua, na mahali pa kufulia hapatajwi. Baba alizikunja zile nyekundu mwenyewe baada ya mechi, akazitia kwenye mfuko wa kijeshi, akafunga fundo lake, akakukabidhi wewe peke yako. Mimi binti yako sikuruhusiwa kuugusa ule mfuko. Ulikwenda nao kazini, kwenye ile nyumba ya wageni Nakasero ulikofua shuka, kwa sababu maji yalikuwa mengi na hakuna wa Mbuya aliyefika huko. Siku zote zilirudi safi, zimenyooka, zinanukia sabuni ya hoteli. Baba alikuwa akisema mbele ya wageni, "Radi iko na ukuta moja tu. Ile ukuta ni mama ya Zaituni." Wewe uliangalia chini. Nilidhani ni aibu ya mwanamke anayesifiwa.

Sasa nikumbushe habari ya damu, Mama. Lazima niiandike.

Jezi za Mizani zilikuwa nyeupe. Sote tulizijua nyeupe. Halafu msimu mmoja wakaja uwanjani na jezi zenye wekundu hafifu, kama maji yaliyooshewa nyama. Mwanzoni tulisema ni udongo. Lakini udongo wetu tunaujua, unachafua kwa rangi ya kahawia, tena magotini na makalioni, haupaki nguo nzima sawasawa mpaka kwenye kola. Wiki iliyofuata wekundu ulizidi. Basi mtu mmoja akasema neno, na neno likapanda kilima mbio: Mizani wanaloweka jezi zao kwenye damu ya mbuzi kwa mganga.

Hakuna aliyeuliza damu gani hiyo isiyonuka wala kukauka. Tuliogopa tu. Opio, kipa wetu, jitu lenye mikono kama makoleo, siku ya fainali ya kombe la mtaa alimwona mshambuliaji wao anakuja na ile jezi, akajibana kwenye mlingoti wa goli ili asiguswe. Mshambuliaji mwenyewe alishangaa. Akausukuma mpira ndani taratibu, akageuka kutuangalia kama anayeomba radhi. Ng'ombe wa zawadi akapelekwa bondeni.

Baba alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mzee, ile watu hapana cheza mpila. Ile watu nacheza damu." Mwenyekiti akaahidi kulichunguza jambo. Tuliporudi nyumbani wachezaji walijaa uani, wengine wanalia kabisa, na Baba anazunguka akisema kikulacho ki nguoni mwako, kwamba ndani ya Radi kuna msaliti anayepeleka siri bondeni. Wewe ulikuwa jikoni. Nilikuja mlangoni nikakuona umeupa mlango mgongo, umeinamia sufuria, umejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikakuonea huruma nyingi. Nilikwenda kuwaambia wachezaji, "Nyamazeni jamani, Mama analia." Nao wakanyamaza wote, kwa heshima.

Mama, ulikuwa unacheka.

Niseme jinsi nilivyojua. Baba miguu ilipomshinda, uenyekiti wa Radi ulizunguka kwa huyu na yule mpaka ukaniangukia mimi. Watu walisema mwanamke ataiua timu. Sikuiua. Lakini sasa uwanja wenyewe umekwisha. Nusu yake imezungushiwa mabati, magorofa yanapanda, na kipande kilichobaki kinatosha timu moja kufanya mazoezi ikiwa imebanana. Viongozi wa mpira wa eneo wametuambia wazi kwamba wataandikisha klabu moja tu kwa uwanja huo. Radi na Mizani waungane, au wote wawili wakatafute pengine, na sote tunajua kwamba pengine hakuna.

Kwa hiyo Jumapili tukakaa pamoja kwa mara ya kwanza, katika darasa la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Radi upande wa dirisha, Mizani upande wa mlango. Katibu wetu Kato, ambaye moyo wake ni laini, ndiye aliyeanza. "Banange, ndugu zangu, mpila ni mpila," alisema. "Tuungane tu, hawa vijana wapate pa kuchezea. Sisi tumeshazeeka na hii hasira."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, na unajua nikijiandaa ninavyokuwa. Nilisema Radi haiuzwi. Nilisema kuna watu walioijenga kwa jasho. Halafu nikakutaja wewe. Nilisema, "Mama yangu alifua jezi za Radi mpaka vidole vikapasuka. Alizilinda na watu hawa hawa waliokaa hapa. Mkitaka nizichanganye na za kwao, nendeni kwanza Gulu mkamuulize kaburini."

Nilijua nimewamaliza, maana marehemu hajibiwi.

Mzee Mutiso akainuka. Unamjua, lakini nitamweleza: Mkamba wa Machakos, muuza vitunguu, nahodha wa kwanza wa Mizani, mtu ambaye sikuwahi kumsalimia maisha yangu yote. Ameinama sasa, anatembelea fimbo.

"Mwenyekiti," akasema, "si lazima waende mpaka Gulu. Mama Zaituni alikuwa anafua zetu pia."

Mtu wa upande wetu alicheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Unasema nini, mzee?" Nilitaka kuwa mkali lakini sauti ilitoka nyembamba.

Akaeleza. Hakuharakisha, na hakuniangalia. Alisema mkewe, Ndinda, alifua pamoja na wewe katika ile nyumba ya wageni. Mabeseni mawili ya bati, bega kwa bega. Yeye alifua jezi za Mizani, wewe za Radi, na hakuna mwanamume yeyote aliyejua kwamba ile siri kubwa ya mahali pa kufulia ilikuwa ni bomba moja. Mlikula pamoja, mkasukana nywele, mkacheka waume zenu. "Walikuwa marafiki sana hao," alisema. "Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu nilikuwa napita kumchukua bibi yangu jioni. Waliniambia ukisema, hatutakupikia tena, sisi wote wawili."

Halafu Ndinda akafa wakati wa kujifungua. Mtoto naye hakukaa.

"Tulipomaliza mazishi," Mutiso akaendelea, "sikuwa na mtu wa kumpa zile jezi. Timu yangu ilikuwa inaogopa nyinyi mtaweka dawa. Nilikuwa nimekaa sokoni na gunia, sijui niende wapi. Mama Zaituni akaja, akachukua gunia, akaniambia, hizi ni nguo za Ndinda, siwezi kuziacha chafu. Basi. Tangu siku hiyo nilikuwa namletea Jumatatu, chini ya vitunguu. Na vitunguu alikuwa anabeba pia, kwa watoto."

Vitunguu, Mama. Baba alivisifu vitunguu vile. Alisema vitunguu ulivyoleta kutoka kazini havina mfano, si kama takataka ya watu wa Mizani.

Kato ndiye aliyeuliza kile ambacho mimi nilishindwa kuuliza. "Lakini, mzee, ile rangi? Ile damu?"

Mutiso akatabasamu kidogo, kwa huzuni. "Hakuna damu. Ni jezi zenu. Nyekundu ilikuwa inatoa rangi kwa beseni." Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Mimi pia nilimuuliza. Nilimwambia, Mama Zaituni, wewe ni fundi. Shuka za wageni hazijawahi kutoka na doa kwa mkono wako. Unajua nyekundu haikai na nyeupe. Akasema, najua. Nikamwambia, na hayo mabeseni ni mawili. Akasema, najua. Nikamuuliza, sasa mbona? Akasema, nimeziweka pamoja ili siku moja mtu aulize."

Hapo nikakaa kwenye lile dawati dogo.

Nimelirudia neno hilo tangu Jumapili mpaka limeniumiza. Ningeweza kukubali kwamba ulikosea. Ningeweza kukubali kwamba ulichoka, kwamba maji yalikatika, kwamba beseni la pili lilitoboka. Lakini wewe ulifanya makusudi. Uliwavisha wanaume wa bondeni rangi ya wanaume wa kilimani, ukawatoa uwanjani kila Jumamosi mbele ya macho ya kila mtu, ukakaa kando na kiti chako ukisubiri mmoja wetu aseme, hivi hii rangi imetoka wapi? Na sisi hatukuuliza. Tulijijibu wenyewe. Tulipendelea kuamini mganga, mbuzi na damu kuliko kuamini kwamba wanawake wawili walikuwa marafiki.

"Na kwa nini hukusema miaka yote hii?" nilimuuliza Mutiso.

"Aliniapisha. Alisema Afande akijua, nyumba itawaka moto."

"Na leo?"

"Leo umemtaja. Mimi siwezi kukaa hapa nikisikia marehemu anasingiziwa chuki ambayo hakuwa nayo. Unisamehe, mama."

Aliniita mama, yule mzee, kwa upole kabisa.

Tulipiga kura kwa mikono. Nilikuwa nimekuja na hotuba ya kupinga ndani ya pochi, na iko humo mpaka sasa. Niliinua mkono kuunga mkono, na Radi wote waliokuwa wakinitazama mimi wakainua ya kwao, mmoja mmoja, kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa tu. Kwa hiyo tumeungana. Usidhani tumekuwa malaika. Wameshaanza kugombania jina, na Mizani wanataka benchi la upande wa kivuli. Lakini vijana wana pa kuchezea, na kipa wao na kipa wetu wamekwisha gundua kwamba wanasoma chuo kimoja na walikuwa wakikwepana koridoni.

Ningependa barua iishie hapo. Kama kusingekuwa na jingine la kunisumbua, ningekutania kidogo, nikakuuliza ulificha wapi kicheko kikubwa namna hiyo kwa miaka yote. Lakini nimekumbuka mambo mengine, na kila ninalolikumbuka linakuja na sura mpya.

Nimekumbuka siku uliporudi kutoka kazini umenyoa kichwa. Nilikuwa msichana wa kutosha kuona. Ulivua viatu mlangoni, ukakaa mkekani, ukanyoosha miguu, jambo ambalo hukulifanya kabla ya kupika. Baba akauliza kuna nini. Ukasema, "Mtu wa kazini amekufa." Akasema pole, kwa moyo mzuri, Baba si mtu mbaya, kisha akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Nami nikauliza kama sare yangu ya shule imekauka. Ukainuka ukaenda jikoni. Rafiki yako wa pekee katika mji huu alikuwa amefariki na kichanga chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza jina lake. Nimelijua jina lake Jumapili, darasani, mbele ya watu, kwa mdomo wa mtu niliyefundishwa kumvukia barabara.

Nakasirika, Mama, nikuambie ukweli. Nakasirika kwa ajili yako, na mara nyingine nakukasirikia wewe. Nilikuwa nikilala na wewe kitanda kimoja Baba alipopelekwa kaskazini. Ulinisuka nywele. Uliniambia habari za bibi, za mto wa kwenu, za mwanamume uliyemkataa kabla ya Baba. Ulishindwa nini kuniambia, "Zaituni, nina rafiki anaitwa Ndinda"? Ninakaa nikijibu mwenyewe: ulijua ningeropoka. Nilikuwa mtoto wa Radi kuliko hata Baba. Ni mimi niliyetunga ule wimbo wa kuwatukana Mizani.

Sasa nifike kwa Baba, maana yeye ndiye sababu ya barua hii.

Yuko hai, yuko nyumbani kwangu hapa Mbuya. Anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, redio sikioni, kofia yake kichwani. Kila Jumapili huniuliza, "Radi nafanya nini?" na mimi humwambia, hata tukifungwa, kwamba tulicheza vizuri. Watu walinishauri nisimwambie. Kato alisema, "Nyabo, mwache mzee afe na amani yake." Nilijaribu. Lakini Jumatatu asubuhi, baada ya kusali na kunywa uji, aliniuliza mkutano ulikwendaje, akanitazama, na sura yangu ikanisaliti. Nikavuta kigoda nikamwambia yote, kuanzia bomba la Nakasero mpaka kura.

Nilijiandaa kwa ngurumo. Unaijua ile sauti, iliyokuwa ikisimamisha mtaa. Mwanzo alisema tu, "Mutiso ni mwongo." Nikamkumbusha siku uliyorudi umenyoa kichwa. Alikuwa anaikumbuka. Niliona anaikumbuka, kwa sababu mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye redio ukaizima.

Akakaa. Bodaboda zilipita nje, jirani akamwita mtoto wake, maisha yaliendelea. Nilidhani ataniuliza kuhusu kombe lile, kuhusu Opio, kuhusu ng'ombe, kuhusu aibu ya kumshtakia mwenyekiti rangi ya jezi zake mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Mwishowe akaniita jina, taratibu, si kama anavyoita siku zote.

"Zaituni. Mama yako alikuwa naogopa mimi?"

Sikuwahi kumsikia Baba akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. Huyu ni mtu aliyefurahi kuogopwa. Makuruti walimwogopa, kilima kizima kilimwogopa, na aliihesabu hofu hiyo kama heshima, kama medali. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa inaingia naye ndani, inakaa mezani, inalala naye kitandani. Alinitazama kwa macho ambayo sasa yamefunikwa na ukungu wa uzee.

Nilisema, "Hapana, Baba. Alikuwa anakuheshimu tu."

Mama, nilisema kweli? Nimepima maisha yenu yote niliyoyaona na sipati jibu. Ninakukumbuka ukimfunga kamba za viatu alipoumia mgongo, ukimkemea kwa Kiacholi akidhani unamsifu, mkicheka ninyi wawili mpaka machozi. Nakukumbuka pia ukisema, "Sawa, Afande," na kuangalia chini. Nakukumbuka ukinyamazisha redio uliposikia buti zake. Mambo yote mawili ni ya kweli, na wewe peke yako ndiye unayejua lipi lilikuwa zito. Kama nimemdanganya, unisamehe. Sikuweza kumwambia mzee wa umri ule, aliyeniuliza kwa sauti ile, jambo lingine lolote.

Baba alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hana nguvu ya kugombana.

Pumzika, Mama, na huyo Ndinda kama mko pamoja, mpe salamu za mtu ambaye angepaswa kumwita mama mdogo. Naiacha kalamu sasa. Baba ananiita kutoka mlangoni, na redio yake bado imezimwa. Ameniuliza juzi, ameniuliza jana, na najua anachotaka kuniuliza tena.

Binti yako,
Zaituni